The African Queen ni filme ya ziwa letu?

Mabishano yetu juu ya filme zisizozeeka bado hayajaisha. Mmoja alitaja Titanic, mwingine Rambo. Wa tatu akasema orodha isiyo na The African Queen si orodha, juu ile filme inatoka kwenye vita ya Tanganyika, ziwa letu la Baraka. Hapo nilikataa kidogo.

Ilitoka 1951. John Huston aliipiga Kongo na Uganda, akitumia kitabu cha C.S. Forester, na Humphrey Bogart akapata Oscar yake moja tu. Ni kweli nyuma yake kuna historia. Mwaka 1915 Waingereza walileta mashua mbili ndogo, Mimi na Toutou, kwa treni toka Cape Town mpaka Katanga, kiisha zikavutwa kupita milima ya Mitumba ili zifike ziwani, upande wa Kalemie ya leo. Zilivutwa na mashini za mvuke na ng'ombe, lakini njia ya porini na madaraja yake ilikuwa mikono ya watu wetu. Tarehe 26/12/1915 ziliteka meli ya Wajerumani, Kingani, na Februari 1916 ikazamishwa Hedwig von Wissmann. Ile kubwa, Graf von Götzen, Wajerumani waliizamisha wenyewe kule Kigoma, Julai 1916. Ilitolewa majini 1924, ikaitwa Liemba, ikabeba abiria na samaki miaka na miaka.

Sasa angalieni filme. Meli kubwa inalipuka juu ya mzungu mmoja na dada wa mmisionari. Waliokata njia hawamo hata kidogo. Watu weusi tunawaona mwanzoni kanisani wakiimba, askari wanachoma kijiji chao, wanaume wanachukuliwa, basi. Hadithi inashuka mto na wazungu wawili. Sisi wa Bibokoboko tunajua kijiji kikichomwa hadithi haihamii kwa mtu mwingine. Watu wanashuka Baraka na watoto mgongoni, wanatafuta fasi ya kulala. Mimi ndipo nilitaka kamera ibaki.

Mtaniambia filme si somo la historia. Sawa. Hata mimi nilicheka sana na Bogart, na ile fasi ya ruba inatisha mpaka leo.

Lakini ikiwa tunachagua, nitaanza na La Vie est belle ya 1987. Mweze Ngangura, mzaliwa wa Bukavu, aliifanya pamoja na Benoît Lamy wa Ubelgiji. Papa Wemba ni kijana wa kijijini anayefika Kinshasa bila kitu, anatafuta muziki, anapata kazi ya boyi, anapenda, anadanganywa, na filme haimwachi njiani. Ndiyo, iko ya Kinshasa, Kiswahili hakisikiki mule. Hiyo inaniuma. Ila yule kijana namfahamu, nimesoma naye.

The African Queen naiweka ya pili. Mwenye Rambo aje tuongee.