Mkonge na umeme: kutoka Kwashemshi hadi Hale

Kwashemshi iko katika bonde la Lwengera, chini ya milima ya Usambara, kwenye barabara ya zamani inayotoka Korogwe kupandia Bumbuli na Soni. Mimi nilishika upande wa kushuka: Korogwe, kisha Hale, nikifuata Mto Pangani. Nilitaka kufuata vitu viwili ambavyo kwa kawaida husimuliwa kila kimoja peke yake, mkonge na umeme.

Mkonge unajulikana. Mjerumani Richard Hindorf aliuagiza kutoka Florida mwaka 1893, na miche iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Umeme ulikuja baadaye, tena wakati mbaya. Mdororo wa dunia ulioanza 1929 ulikuwa umeshusha bei ya singa, yaani nyuzi za mkonge, chini ya nusu, lakini kampuni ya umeme ya Tanganyika, iliyoundwa 1931, ikaenda kujenga mitambo kwenye maporomoko ya Pangani. Wateja wake wakubwa wangekuwa nani, kama si mji wa Tanga na mashamba hayo hayo ya mkonge yaliyokuwa yanayumba? Shamba lilihitaji nguvu ya kuendeshea mashine, na mtambo ulihitaji shamba lisife. Ilikuwa hesabu kavu, huruma haikuwamo.

Hesabu hiyo ikazaa hadi 1964. Mwaka huo kituo cha Hale, chenye megawati 21, kilianza kazi, na nchi ikazalisha kama tani 230,000 za mkonge. Baada ya hapo kamba za plastiki zikaingia sokoni, mashamba mengi yakataifishwa kufuatia Azimio la Arusha la 1967, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umebaki kama tani 20,000.

Hapo ndipo njia hii inakuwa tamu kuifuata. Mamlaka ya Mkonge, iliyokuwa ikishika mashamba ya serikali, ilipobinafsishwa mwaka 1998, kampuni ya Katani ilichukua mashamba kadhaa ya Korogwe, Hale likiwemo, na mwaka uliofuata ikaanza kuwapa wakulima wadogo vipande vya ardhi ndani ya shamba. Mkulima apande, apalilie, akate. Kampuni ikoboe kwenye korona yake, mashine inayotenganisha singa na jani, na iuze. Wengi hudhani karatasi ya mkataba ndiyo iliyowafunga pamoja. Kwa maoni yangu kilichowafunga ni jani lenyewe. Mkonge ukishakatwa hausubiri: baada ya siku mbili hivi unaanza kukauka na singa inaharibika. Mkulima hawezi kwenda kutafuta mnunuzi mwingine mbali, na korona ikikosa majani ni chuma tu.

Simama karibu na korona uone. Mizigo ya majani, thelathini kwa kila mzigo, inafunguliwa na kulazwa kwenye mkanda. Majani yanapondwa, maji yanamiminika, singa za kijani hafifu zinatoka upande mmoja kwenda kuanikwa juani. Upande wa pili ni tope la kijani lenye harufu kali ya uchachu, na tope hilo ndilo karibu mmea wote, kwa sababu singa ni kama asilimia 2 hadi 4 tu. Kwa miaka mingi lilimwagwa, likachafua mito.

Hale waliligeuza. Mwaka 2008 kulizinduliwa mtambo wa bayogesi wa kilowati 150, kwa msaada wa UNIDO, shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, na Mfuko wa Pamoja wa Bidhaa. Tope liliwekwa kwenye tangi lisiloingiza hewa, bakteria wakalivundisha, gesi ikawasha jenereta, na umeme ukarudi kuendesha mashine za shamba. Ulikuwa mdogo ukilinganisha na mtambo wa mtoni, lakini ulilenga kile ambacho mtambo wa miaka ya 1930 haukuweza: kupunguza gharama ya anayezalisha mkonge bila kumlazimu kununua umeme wa nje.

Malalamiko ya malipo dhidi ya Katani baadaye yaliwafikisha wakulima wadogo serikalini, na sasa wanauza kupitia AMCOS zao, yaani vyama vya ushirika vya mazao, chini ya Bodi ya Mkonge. Swali ambalo ningewaachia viongozi wao ni la tope. Singa ina bei na inapimwa kwa kilo. Lakini asilimia 96 na zaidi iliyobaki, yenye umeme ndani yake, nayo ilikuja na jani la mkulima, na siku mitambo ya aina ile itakapoongezeka bondeni mkataba utapaswa kusema ni mali ya nani.