Kipashio, si Kichemshio

Katika maandishi ya Kiswahili yanayowahusu wakazi wa nchi za baridi, mtambo wa gesi unaopasha maji na kuyazungusha ndani ya rejeta, yaani yale mabamba ya chuma yanayofungwa ukutani ili kutia joto chumbani, umezoeleka kuitwa kichemshio, na jina hilo, ingawa limetungwa na watu wenye vyeti vya kutosha, lina kasoro isiyovumilika: mtambo huo hauchemshi kitu. Maji yanayotoka humo kwenda kwenye rejeta huwa na nyuzijoto 60 hadi 80 hivi, na katika mitambo ya kutonesha, ambayo huvuna joto la ziada kwa kugeuza mvuke uliomo katika moshi wake kuwa matone, maji yanayorudi hutakiwa yawe chini ya nyuzi 55 au karibu na hapo. Yakichemka, mtambo ni mbovu.

Ubovu huo unafahamika vizuri mjini London na kusini-mashariki mwa Uingereza, ambako maji ni magumu, yaani yamebeba chokaa nyingi iliyoyeyuka. Chokaa hiyo hugandamana ndani ya kibadilisha joto, sehemu ambamo moto wa gesi huyaachia maji joto lake, ikafanya ukoko kama ule unaoota ndani ya birika katika nyumba za Pwani zinazotumia maji ya kisima. Mkondo wa maji hupungua, maji yaliyokwama penye chuma huchemka, na mtambo huanza kunguruma. Mpangaji anayempigia fundi simu na kulalamika kwamba kichemshio kinachemsha atastahili kujibiwa kwamba hiyo ndiyo kazi yake. Istilahi inayomnyima mtu uwezo wa kutaja hitilafu haijawa istilahi bado.

Asili ya kosa ni kufasiri Kiingereza bila kuuliza Kiingereza kilikopata jina lake. Jina la Kiingereza, boiler, limerithiwa kutoka zama za injini za mvuke, ambapo maji yalipaswa kweli kuchemka ili mvuke usukume pistoni, na mzizi wake, uliopitia Kifaransa, ni neno la Kilatini la kiputo. Wafaransa wenyewe, waliolipitisha neno hilo, mtambo huu huuita *chaudière*, kutoka neno la Kilatini lenye maana ya joto, na Waitaliano huuita *caldaia* kwa asili hiyohiyo. Wala haielekei kwamba waliitisha warsha ya siku tatu hotelini ili kulifikia jambo hilo. Katika viwanda vya chai vya Kericho, ambako mvuke unahitajika kukaushia majani, kichemshio ni jina la haki na hakuna anayekionea wivu, ijapokuwa mafundi wake husema boila tu na kazi ikaenda.

Neno linalostahili ni kipashio. Kama vile pita huzaa pisha, pata huzaa pasha, kusababisha kitu kipate, na kwa matumizi ya jikoni kitenzi hicho kimejitosheleza hata bila kutajwa moto: chakula kilichopoa hupashwa, na kiporo hakichemshwi upya, hupashwa. Hapo ndipo lugha ilipomtangulia mhandisi, kwa maana maji ya mtambo huu ni yaleyale, yanayokwenda yakiwa ya moto, yakarudi yakiwa vuguvugu, yakapashwa tena, msimu mzima wa baridi. Kiambishi ki- pamoja na mwisho -io huunda kifaa, kama chuja inavyozaa kichujio, na hakuna kanuni iliyovunjwa.

Pingamizi zilizotolewa ni mbili, na zote hazina uzito wa sauti zilizozitoa. Ya kwanza hudai kwamba kipashio kimekwisha kuwekwa wakfu na wanaisimu kwa maana ya kipande cha muundo wa lugha. Lakini wanaisimu haohao walichukua mzizi na shina kutoka shambani bila ruhusa ya mkulima, na mihogo haijaacha kuota. Ya pili hudai kwamba neno hilo linakumbusha mipasho ya taarabu. Linakumbusha, na si vibaya.

Kuhusu matumizi, sentensi chache zinatosha. Kanieneo, yaani kani ya maji juu ya eneo, ikishuka chini ya bar 1 kipashio kikiwa kimepoa, huongezwa hadi 1.5 kwa mrija wa kujazia, na ikifika 3 vali ya usalama hufunguka. Rejeta iliyo baridi juu ina hewa, iliyo baridi chini ina tope la kutu. Nayo kazi ya gesi, kwa sheria ya Uingereza, ni ya fundi aliyesajiliwa, kwa kuwa gesi ya kaboni monoksidi haina harufu. Kipashio kikizima asubuhi ya barafu, aghalabu bomba la nje linalotoa matone ndilo lililoganda, na tiba yake ni kulimwagia maji yaliyopashwa, wala si yaliyochemshwa, yasije yakalipasua. Katika sentensi hiyo moja hata watetezi wa kichemshio hulazimika kuazima kitenzi cha wapinzani wao.