Katapila la Mkonge na Nati ya Kongwa

Mnunuzi wa chuma chakavu alishafika mara mbili na mizani yake. Katapila lenyewe, kuukuu, la shamba la mkonge, lilikuwa limewekwa juu ya magogo nyuma ya gereji moja hapa Morogoro mjini. Hesi za ekseli, pale nati inapokaa, zilikuwa zimelala.

“Shikamoo, mzee. Hii bado inafaa kweli?”

“Marahaba, mwanangu. Haijavunjika. Imeng’atwa tu.”

Akafuta grisi, akachukua tupa ya pembe tatu. Alianzia ndani, kwenye hesi nzima, ili tupa ifuate njia iliyopo, akawa anatoka nje polepole. Nati aliijaribu kwa vidole. Spana aliiweka mbali kabisa.

Mimi nikawa nafikiria Kongwa. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wa karanga Tanganyika, wakilenga ekari zaidi ya milioni 3. Matrekta mapya hayakupatikana, basi wakanunua mitumba ya jeshi la Marekani, mengine kutoka Ufilipino. Vickers nao wakageuza vifaru vya Sherman kuwa matrekta, wakayaita Shervick. Mizigo ya Kongwa ilipanda reli ya kati, ikapita papa hapa, chini ya Uluguru.

Shuleni tulifundishwa ukame na udongo mgumu. Sawa, na sisemi karanga zilishindwa kwa sababu ya nati. Ila hebu fikiria fundi wa Kongwa mwenye mashine ya Mmarekani na sanduku la nati za Mwingereza. Hesi ya Whitworth ina pembe ya digrii 55, ya Marekani digrii 60. Kwa saizi nyingi idadi ya hesi kwa inchi ni ileile, kwa hiyo nati inakubali kuingia. Ukiilazimisha, inakula. Nchi hizo mbili, pamoja na Kanada, zilikubaliana hesi ya pamoja Novemba 1948, na makatapila yalikuwa porini tayari. Mradi ulifutwa 1951, pauni zaidi ya milioni 35 zimeshateketea.

“Hii ni ya Kimarekani,” mzee alisema, kabla sijauliza. “Nilipima kwanza.”

Saa kumi jioni nati iliingia hadi mwisho kwa vidole vitupu. Akamtuma kijana wake kwa yule mwenye mizani, kumwambia kesho asisumbuke kuja.