Ndege Iliyoishia Tabora

Mei 2, 2027 itatimia miaka 75 tangu ndege ya jeti ianze kubeba abiria waliolipa nauli. Ndege hiyo, Comet ya shirika la BOAC, ilipaa London ikielekea Johannesburg. Ni vyema Watanzania wakajua mapema kwamba siku hiyo inawahusu. Safari hiyo ya kwanza ya jeti ya abiria duniani ilikuwa safari ya Afrika, na hatua yake iliyotoka Entebbe kwenda Livingstone ilikuwa na urefu wa takriban kilomita 2,100. Chukua ramani, unganisha miji hiyo miwili kwa rula: mstari utakatiza kati ya Tabora na Kigoma, jirani na Uvinza, juu ya njia ileile iliyokanyagwa na wapagazi wa Kinyamwezi kwa vizazi.

Njia hiyo haikuwahi kuwa ya mruko mmoja. Wapelelezi Burton na Speke walitoka pwani mwishoni mwa Juni 1857 na kufika Kazeh, Tabora ya leo, Novemba 7, siku ya 134 ya msafara. Tabora ndipo mizigo ilipogawanywa, wapagazi wapya wakaajiriwa, na msafara ukaamua kama unaendelea Ujiji au unapanda kaskazini. Stanley alikaa hapo mwaka 1871, Livingstone mwaka uliofuata. Reli ikafika 1912.

Rekodi kubwa ya kwanza ya kuruka bila kutua inayoihusu nchi hii iliwekwa na puto la kijeshi. Tabora ilipotekwa na Wabelgiji Septemba 1916, jeshi la Kijerumani la Lettow-Vorbeck lilisukumwa kusini-mashariki, na kufikia mwisho wa 1917 lilikuwa hoi kwa kukosa risasi na dawa. Novemba 21, 1917 chombo L 59, aina ya Zeppelin, kiliondoka Jamboli, Bulgaria, kikiwa na takriban tani 15 za shehena kwa ajili ya jeshi hilo, chini ya nahodha Ludwig Bockholt. Kilivuka Mediterania na jangwa la Misri hadi magharibi ya Khartoum, kikapokea simu ya upepo ikikiamuru kirudi, kikageuza. Kilitua Bulgaria Novemba 25 baada ya saa 95 na kilomita 6,757 angani. Kwa miaka mingi watu wamebishana kama amri ile ilitumwa na Wajerumani wenyewe au ni hila ya Waingereza. Hata hivyo, umbali ule ulikuwa zaidi ya mara mbili ya ule wa Alcock na Brown, walioivuka Atlantiki bila kutua Juni 1919 kwa ndege ya Vickers Vimy.

Na Vimy ndiyo inayoturudisha Tabora.

Januari 24, 1920 ndege aina ya Vimy Commercial, iliyotengenezwa kwa ajili ya abiria kumi, iliondoka Brooklands, Uingereza, kwenda Cape Town. Gharama zilibebwa na gazeti la The Times. Marubani walikuwa Cockerell na Broome, na mwandishi wa safari alikuwa Peter Chalmers Mitchell, mtaalamu wa wanyama na katibu wa jumuiya ya zuolojia ya London. Nyuma yao, Februari 4, wakatoka Waafrika Kusini wawili, van Ryneveld na Brand, kwa Vimy nyingine waliyoiita Silver Queen. Ikawa mbio.

Karibu kila kinachosimuliwa kuhusu safari ya The Times ni habari za injini. Maji ya kupoza yalivuja, yakazibwa, yakavuja tena. Ndege ikashushwa mahali pasipopangwa, mafundi wakafanya kazi juani. Ukisoma habari hizo tu utadhani tatizo lote lilikuwa la chuma na mpira. Ilifika Tabora, na Februari 27, siku ya 34 tangu ianze safari, ilianguka katika jaribio la kuondoka. Watu walinusurika, ndege haikuruka tena. Ndege ya abiria iliyokuwa ikiongoza mbio hizo za kwenda Cape iliishia katika mji uliokuwa umepokea na kuaga misafara kwa vizazi.

Makala haya yanashikilia kwamba mafundi hawakustahili lawama yote. Tabora ipo takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na Februari jua lake si la kubembeleza. Hewa ya mahali pa juu ni nyepesi, na joto huifanya nyepesi zaidi. Mabawa hukosa cha kushikilia, injini hukosa pumzi, na ndege huhitaji uwanja mrefu zaidi ili ipae na mzigo uleule. Ushahidi ulikuja siku nane baadaye. Machi 6 Waafrika Kusini nao walianguka wakipaa Bulawayo, mji mwingine wa nyanda za juu. Walipewa ndege nyingine, wakafika Cape Town Machi 20 na kutunukiwa. Majina yao yamo vitabuni. Tabora hutajwa kwa nusu sentensi, na hiyo ni dhuluma, kwa sababu somo lililojitokeza hapo ndilo ambalo ndege za baadaye zililazimika kulizingatia.

Imperial Airways ilipoanzisha huduma yake ya kwenda Cape mwaka 1932 ilipita Dodoma na Mbeya, ikaiacha Tabora pembeni.

Comet ya 1952 ilibeba watu 36 na kusimama mara tano njiani: Rome, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone. Safari nzima ilichukua chini ya saa 24, jambo lililowashangaza watu wa wakati huo. Ndege iliyofanya safari hiyo, G-ALYP, ilivunjika angani karibu na kisiwa cha Elba Januari 10, 1954 na kuua watu wote 35. Chuma chake kilikuwa kimechoka.

Kisha ikaja VC10, ndege iliyobuniwa makusudi kwa viwanja vya joto na mwinuko kama Nairobi na Johannesburg. Injini zake nne ziliwekwa mkiani ili bawa libaki safi na liweze kunyanyua zaidi. East African Airways, mali ya Tanzania, Kenya na Uganda, ilianza kupokea Super VC10 zake mwaka 1966, na kwa ndege hiyo Nairobi na London, karibu kilomita 6,800, ziliweza kuunganishwa bila kutua. Wazee waliofanya kazi katika shirika hilo bado wanaitaja kwa fahari, na wana haki. Shirika lilivunjika 1977.

Leo safari ya abiria ndefu kupita zote bila kutua ni ya Singapore hadi New York kwa Airbus A350-900ULR, takriban kilomita 15,300. Boeing 787-9 huenda Perth hadi London, kilomita 14,500. Angalia zinakoanzia: Singapore na Perth zote zipo karibu na usawa wa bahari. Kenya Airways ilipoanza kuruka Nairobi hadi New York Oktoba 28, 2018 kwa Boeing 787-8, kilomita 11,800 hivi, ilikutana na mwinuko wa mita 1,600 ambao Singapore haiujui. Ndege huondoka usiku, hewa ikiwa imepoa, na mzigo hupimwa kwa uangalifu. Air Tanzania hutumia 787-8 kutoka Dar es Salaam, pwani, hadi Guangzhou, takriban kilomita 8,700.

Tabora yenyewe hufikiwa kwa Dash 8 Q400 ya mapangaboi. Kwihara, nje kidogo ya mji, tembe la Livingstone limehifadhiwa kama makumbusho, na ni jambo jema. Chumba kimoja hapo kingetosha kwa picha za Vimy, ramani ya mbio za 1920 na maelezo ya hewa nyepesi ambayo mwanafunzi wa fizikia wa shule ya Tabora Boys angeweza kuyapima mwenyewe kwa kipimajoto na kipimahewa. Halmashauri na Idara ya Mambo ya Kale zina muda hadi Mei 2027.