Nani alitengeneza mdundo? Majina yaliyosahauliwa katika historia ya rap

NDOSHO, GOMA – Katika kata ya Ndosho, komini ya Karisimbi, wimbo mpya wa rap hausubiri duka. Unatoka kwenye kompyuta ya studio, unaingia kwenye simu, kisha WhatsApp inausambaza mtaa mzima. Kwenye faili panaandikwa jina la mwimbaji na jina la wimbo. Jina la kijana aliyetengeneza mdundo, yule anayeitwa bitimeka, mara nyingi halipo. Tatizo hilo si la Goma peke yake, wala halikuanza na simu.

Rap ya Kiswahili yenyewe ilianza na deni la namna hiyo. Mwaka 1991, Saleh Jabir wa Dar es Salaam, maarufu kama Saleh J, aliimba kwa Kiswahili juu ya mdundo wa "Ice Ice Baby" wa Mmarekani Vanilla Ice. Lakini mdundo huo tayari ulikuwa na ugomvi. Sauti yake ya besi ilitoka katika "Under Pressure", wimbo wa Queen na David Bowie wa mwaka 1981, na majina yao hayakuwekwa wimbo wa Vanilla Ice ulipotoka. Yaliongezwa baadaye, baada ya malalamiko. Mtu mwingine, Mario Johnson, naye alidai kwamba alishiriki kuutunga.

Huko Marekani mifano ni mingi. Paul C McKasty, fundi wa studio wa Queens, New York, aliuawa Julai 1989, wakati akifanya kazi na Eric B. & Rakim. Mwanafunzi wake, Large Professor, ambaye bado alikuwa kijana wa shule, aliendeleza kazi hiyo. Albamu "Let the Rhythm Hit 'Em" ilipotoka mwaka 1990, utayarishaji uliandikwa kwa jina la Eric B. & Rakim. Leo wapenzi wa hip-hop wanajua mchango wa fundi na mwanafunzi wake kwa sababu waliokuwepo walisimulia.

Kisa cha "Juicy" ya Notorious B.I.G., ya mwaka 1994, ni kigumu zaidi. Jalada linawataja Poke na Sean "Puffy" Combs. Pete Rock amesema kwamba wazo la kuzungusha kipande cha "Juicy Fruit", wimbo wa kundi la Mtume, lilisikika kwanza nyumbani kwake, walipomtembelea. Yeye alipewa kutengeneza toleo la pili, na huko jina lake lipo. Mwenye wazo, aliyeshika mashine na aliyelipia studio wanaweza kuwa watu watatu, lakini kila mmoja hujiona ndiye mtayarishaji.

Afrika Mashariki, watayarishaji walitafuta dawa. Dar es Salaam, P-Funk Majani wa Bongo Records, aliyetayarisha "Machozi, Jasho na Damu" ya Professor Jay mwaka 2001, alijulikana kama waimbaji wenyewe. Desturi ya kutaja jina la mtayarishaji ndani ya wimbo ikaenea: jalada linaweza kupotea, lakini sauti iliyo ndani ya wimbo husafiri nao. Nairobi, Ogopa Deejays, waliorekodi na E-Sir kabla ya kifo chake Machi 2003, walitumia jina la kundi, na wenyewe wakabaki nyuma ya pazia. Jina la kundi likawa kubwa, ila msikilizaji hakujua ni mkono wa nani.

Kwa Kongo, sheria ipo. Sheria nambari 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda haki za watunzi, na SOCODA ilianzishwa mwaka 2011 kuchukua nafasi ya SONECA. Lakini hakuna shirika linaloweza kumlipa mtu ambaye jina lake halikuandikishwa popote. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Na mali hiyo inaweza kuwa kubwa. Innoss'B, mtoto wa Goma, alirudia "Yo Pe" pamoja na Diamond Platnumz mwaka 2019, na video yao imetazamwa zaidi ya mara milioni 100 kwenye YouTube. Wimbo ukishafika huko, ni kuchelewa kuanza kuulizana nani alifanya nini. Karatasi moja inatosha, ikiandikwa kabla faili halijatoka studio: jina la wimbo, aliyeandika maneno, aliyetengeneza mdundo, aliyerekodi sauti, fungu la kila mmoja, tarehe na sahihi za wote. Kila mmoja abaki na nakala yake.