Haramia ni nani katika historia ya pwani yetu?

Hivi majuzi nilikuwa Shimoni, Kaunti ya Kwale, pamoja na wanafunzi wangu wa uzamili. Tulikwenda kukusanya msamiati wa ubaharia katika Kivumba na Kichifundi, lahaja zinazosemwa Wasini, Vanga, Funzi na viunga vyake. Mwenyeji wetu alikuwa mzee wa ukoo wa wachuuzi wa baharini. Babu zake walipeleka nazi na boriti Mombasa na Pemba kwa majahazi yao wenyewe.

Baada ya nahodha, serehangi na foromali, tulifika kwenye neno haramia. Mzee alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Haramia, mwanangu, ni mtu akutekaye chombo nawe huna pa kumshtaki."

Mwanafunzi mmoja akadakia, "Basi babu, Vasco da Gama naye alikuwa haramia?" Mzee akacheka. "Msomi ni mwalimu wako. Muulize yeye."

Sikumjibu pale barazani. Namjibu leo.

Tuanze na neno lenyewe. Katika Kiarabu, harami ni mwizi na haramiyya ni wezi. Waswahili walilichukua lile la wingi wakalifanya la umoja, kisha wakaliongezea ma-: haramia, maharamia. Mzizi ni ule ule wa haramu. Kwa hiyo, tangu asili yake, neno hili linapima tendo: mali imechukuliwa kwa njia isiyo halali. Halimuulizi mchukuaji ametoka wapi wala ametumwa na nani.

Sasa twende mwaka 1498. Mapema mwezi Aprili, merikebu za da Gama zilikuwa zikipanda kaskazini kando ya pwani yetu. Mkabala na milima ya Usambara, kusini ya Vanga, merikebu São Rafael ilipanda mwamba. Wenyeji waliikaribia kwa mitumbwi, mmoja ukiwa umejaa machungwa matamu. Wawili kati yao wakafuatana na wageni hadi Mombasa, walikotia nanga tarehe 7 Aprili. Huo ndio uliokuwa mkutano wa watu wa upande wetu na Wareno: machungwa na maelekezo ya njia.

Juma moja baadaye mambo yalibadilika. Alfajiri ya tarehe 14 Aprili, baada ya kuondoka Mombasa, Wareno waliona vyombo viwili baharini wakavifukuza. Kimoja kiliponyokea ufuoni. Cha pili walikikamata jioni. Ndani mlikuwa na wanaume 17, dhahabu, fedha, nafaka na vyakula vingine. Mlikuwa pia na mzee mmoja wa heshima aliyesafiri na mke wake kijana. Walipoona wamefikiwa, wote walijitosa majini, wakaopolewa na kufanywa mateka.

Habari hizi hazikutungwa na adui wa Wareno. Zimo katika shajara ya safari iliyoandikwa na mmoja wa wenzake da Gama, na mwandishi anasema waziwazi kwamba nia ilikuwa kupata rubani wa kuwaonyesha njia. Jina la yule mzee na la mkewe hakuyaandika.

Jumatatu iliyofuata, mzee yule aliwekwa kwenye fungu la mchanga mbele ya Malindi ili apeleke ujumbe kwa mfalme. Mkewe na wenzake walibaki chomboni. Hebu msomaji jiweke mahali pake: unakwenda kumsemea mtu aliyekuteka, na ukisema vibaya, aliye mikononi mwake ni mkeo. Siku mbili baadaye mfalme alikuja baharini kuonana na wageni, nao mateka wakaachiliwa. Rubani akapatikana, na tarehe 24 Aprili safari ya kwenda Bara Hindi ikaanza. Vitabu vyetu vya shule husimulia ukarimu wa Malindi. Ni kweli Malindi ilikuwa na uhasama na Mombasa na ilitafuta mshirika. Lakini wahenga walisema pia kuwa mkono usioweza kuukata, ubusu.

Yaliyofuata yanajulikana. Mwaka 1502 da Gama alirudi na kuilazimisha Kilwa kulipa kodi. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliipora Kilwa, kisha Mombasa ikaporwa na kuchomwa moto. Wafanyabiashara walitakiwa kununua hati ya kusafiria iliyoitwa cartaz, neno la jamii moja na lile lililotuzalia karata. Asiye nayo, chombo chake na shehena vilikuwa halali kutekwa. Wachuuzi walioukwepa mfumo huo kwa kupitisha dhahabu Angoche waliitwa walanguzi. Yaani mwenye bahari aligeuzwa mwizi ndani ya bahari yake!

Najua wanasheria watanipinga. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari, wa mwaka 1982, unasema uharamia hufanywa kwa faida ya kibinafsi. Da Gama alikuwa na bendera ya mfalme, kwa hiyo si haramia. Sawa. Lakini bendera ya mfalme haikumpunguzia hofu mke wa yule mzee.

Wala sisemi kwamba maharamia ni Wazungu pekee. Mwanzoni mwa karne ya 19, wavamizi kutoka Bukini waliuangamiza mji wa Kua, katika visiwa vya Mafia. Mwaka 2005, meli ya MV Semlow iliyotoka Mombasa na tani 850 za mchele wa msaada ilitekwa na Wasomali. Mabaharia wake, wengi wao Wakenya, walizuiliwa kwa zaidi ya miezi mitatu huku jamaa zao wakingoja. Watekaji wa Kisomali nao walijiita walinzi wa bahari. Kila mtekaji ana jina zuri alilojichagulia.

Tofauti ni kwamba safari hii palikuwa na pa kushtaki. Mwaka 2010 Mahakama Kuu ilisema Kenya haina uwezo wa kusikiliza kesi za uharamia wa bahari kuu. Mwaka 2012 Mahakama ya Rufani ikaupindua uamuzi huo. Yule mzee wa 1498 hakuwa na mahakama ya kwenda.

Kwa hiyo jibu langu kwa mwanafunzi ni hili. Kwa kipimo cha mkataba wa 1982, da Gama hakuwa haramia. Kwa kipimo cha neno letu la Kiswahili na cha mzee wa Shimoni, siku ile ya tarehe 14 Aprili alikuwa haramia. Mwalimu akitaka kumwita baharia hodari, amwite, maana alikuwa hodari. Ila asimwite mvumbuzi wa pwani hii. Kuvumbua ni kukifichua kilichofichika, na hakuna kilichofichika mahali ambapo wenyeji walikuletea machungwa.