Mbweha, Nyoka na Mabishano ya Watazamaji

Mwaka 781, ofisa na mwanahistoria Shen Jiji aliondolewa katika mji mkuu wa dola ya Tang na kupelekwa kusini-mashariki mwa China. Alisafiri kwa mashua pamoja na maofisa wengine, mchana wakila pamoja, usiku wakisimuliana vioja. Zamu yake ilipofika, Shen aliwapa habari za Ren, mbweha aliyejigeuza mwanamke, akampenda mwanamume fukara, akamshika kwa uaminifu, na mwishowe akauawa na mbwa wa wawindaji. Wenzake waliguswa, wakamtaka aiandike. Hayo ameyaeleza Shen mwenyewe mwishoni mwa hadithi yake. Hivyo mojawapo ya hadithi kongwe za mapenzi ya mbweha na binadamu katika fasihi ya Kichina iliwekwa kwenye karatasi kwa sababu wasikilizaji walitaka iwekwe. Zaidi ya miaka 1,200 baadaye, mwaka 2024, jukwaa la iQiyi lilionyesha tamthilia ya mbweha wa mlima Tushan, iliyoigizwa na Yang Mi na Gong Jun, iliyotokana na katuni ya Hu Yao Xiao Hong Niang ya mchoraji Tuo Xiaoxin. Waliokua na katuni hiyo tangu mwaka 2012, na filamu zake za kuchora tangu 2015, waliipima tamthilia kwa kile walichokipenda tangu zamani: nani anafaa kuwa nani, kipi kimeachwa, kipi kimeongezwa. Wako wanaoyaona mabishano ya namna hiyo kuwa makelele yanayoiharibia kazi ya sanaa heshima yake. Mimi nadai kinyume. Katika historia ya hadithi hizi, ubishi wa hadhira ni sehemu ya uandishi wenyewe, na bila huo nyingi kati ya hadithi zinazopendwa leo zisingekuwa na sura tunayoijua.

Tuanze na Hongniang, msichana ambaye jina lake limo katika anwani ya katuni hiyo. Karibu na mwaka 804, Yuan Zhen aliandika kisa cha binti aitwaye Yingying na kijana Zhang, waliokutanishwa na mtumishi wa binti, Hongniang. Zhang anamwacha Yingying, kisha anajitetea mbele ya rafiki zake kwamba mwanamke mzuri kupita kiasi ni balaa. Marafiki hao wanajadili uamuzi wake ndani ya hadithi ileile, na Yuan Zhen anataja kwamba wengi walimsifu. Hadhira ya baadaye haikukubali. Takriban miaka 400 baadaye, msimuliaji Dong Jieyuan, aliyeigeuza hadithi kuwa masimulizi ya kuimbwa, aliwaunganisha wapenzi hao. Karibu na mwaka 1300 Wang Shifu akaifanya kuwa mchezo wa jukwaani, na humo Hongniang akapanda cheo: ndiye anayemkabili mama yake Yingying na kumshinda kwa hoja. Basi mjakazi aliyekuwa mbeba barua tu akawa alama ya kila anayeunganisha wapenzi, hata mbweha wa Tushan wakaja kuvaa jina lake. Na ubishi haukuishia hapo. Mwaka 1656 mhakiki Jin Shengtan alitoa toleo lake la mchezo huo akishikilia kwamba sehemu ya mwisho, ile ya wapenzi kuoana, ni nyongeza dhaifu isiyostahili kusimama pamoja na zilizotangulia. Anayelalamika leo kwamba mwisho wa tamthilia umelazimishwa anasimama mahali aliposimama Jin.

Ushahidi ulio mzito zaidi unatoka kwa Nyoka Mweupe. Katika mkusanyiko uliochapishwa na Feng Menglong mwaka 1624, nyoka aliyejigeuza mwanamke ni hatari ya kuepukwa. Mume wake ndiye anayemfunika kwa bakuli alilopewa na mtawa Fahai, kisha anachangisha fedha za kujenga mnara juu yake, naye anaishia kuwa mtawa. Mwaka 1738 Huang Tubi akaitungia mchezo wa jukwaani. Waigizaji waliuchukua, wakaona kinachowaliza watu, wakaongeza jambo ambalo Huang hakuliandika: Nyoka Mweupe anazaa mtoto wa kiume, na mtoto huyo anakua, anafaulu mtihani mkuu wa dola, anakwenda kumwombea mama yake mbele ya mnara. Huang alikasirika. Aliandika kwamba nyoka ni kiumbe kiovu na kumwingiza katika safu ya watu wa heshima ni kuwatweza watu wenyewe. Hasira yake haikusaidia kitu. Toleo la Fang Chengpei la mwaka 1771, ambalo lilitawala jukwaa baada ya hapo, lilimbakiza mtoto. Mnara wa Leifeng, ndio huo wa hadithi, ulipoanguka kando ya Ziwa Magharibi mjini Hangzhou tarehe 25 Septemba 1924, baada ya watu kuchomoa matofali yake kwa miaka mingi wakiamini yana baraka, mwandishi Lu Xun aliandika makala ya kufurahia kuanguka kwake. Alikumbuka jinsi bibi yake alivyomsimulia kisa hicho, akasema kwamba katika vijiji vya kwao wakulima, wanawake na wazee walikuwa upande wa Nyoka Mweupe, na kwamba Fahai alikuwa ameingilia yasiyomhusu. Akaeleza pia jinsi ya kumwona Fahai: mchemshe kaa, fungua gamba lake, toa kifuko kilichomo, kikate bila kukichana, kisha kigeuze ndani nje, kitaonekana kama mtawa mdogo aliyeketi, amejificha humo kukwepa hukumu ya mbinguni. Hiyo ndiyo nguvu ya hadhira. Ilimshinda mtunzi, ikamhukumu mtawa, ikamfungia ndani ya kaa. Na tamthilia ya televisheni ya mwaka 1992, ile ya mwigizaji Zhao Yazhi ambayo watazamaji wengi wa China huitumia kuzipimia nyingine zote, inamalizika kwa mtoto kumtoa mama yake mnarani. Wanaoitetea kama asili wanatetea kipande ambacho mwandishi wa mchezo wa 1738 alikikataa.

Mtu anaweza kusema kwamba waigizaji ni wenye kazi yao, si watazamaji. Lakini tutazame vitabu. Wachapishaji wa enzi za Ming na Qing walichapa riwaya pamoja na maoni ya wasomaji, juu ya ukurasa, mwishoni mwa sura, hata katikati ya mistari, na mnunuzi aliyasoma yote kwa pamoja. Jin Shengtan aliifanyia hivyo riwaya ya Shuihu zhuan mwaka 1641, akaikata ikabaki sura 70 na utangulizi, na kwa muda mrefu wengi waliijua riwaya hiyo kwa umbo alilolikata yeye. Mfano wa karibu zaidi uko katika nakala za mkono za riwaya ya Hong lou meng ya Cao Xueqin. Mmoja wa watu wake wa karibu aliandika maoni kwamba alimwamuru Cao afute namna mhusika Qin Keqing alivyokufa, kwa kumhurumia, na kwamba kwa sababu hiyo sura ya 13 imepungua kurasa nne au tano. Mwandishi alifuta, lakini dalili zilibaki, na wasomaji wanazichambua hadi leo. Leo, maoni ya watazamaji yanayopita juu ya picha katika Bilibili, tovuti ya video iliyoanza mwaka 2009, yalifuata mtindo uliotoka Japani. Hata hivyo, nadhani China iliupokea kwa wepesi kwa sababu ilikwisha kuzoea kusoma hadithi na maoni yake mahali pamoja.

Katuni nazo hazikuja juzi. Miaka ya 1920, vijitabu vya hadithi za picha viliazimishwa kwenye vibanda vya mitaa ya Shanghai, msomaji akilipa kidogo na kusoma palepale. Wachoraji walifuata michezo na filamu zilizokuwa zikivuma. Baadhi ya wasomi walividharau. Lu Xun alivitetea kwa maandishi mwaka 1932.

Pingamizi lenye uzito ni hili. Katika jukwaa la zamani kelele za leo zingeweza kubadilisha onyesho la kesho, lakini tamthilia za China za sasa kwa kawaida hukamilishwa na kupata kibali kabla ya kuonyeshwa. Mtazamaji anabishana na kitu kilichokwisha fungwa. Nakubali, na hasara hiyo ni kubwa. Ila hata zamani mabadiliko makubwa hayakutokea usiku mmoja: Yingying alingoja karne nne. Hadhira huandika katika toleo linalofuata, na katuni ya Tuo Xiaoxin imeshazaa tamthilia nyingine za wapenzi wengine. Pingamizi la pili ni la haki: tofauti na Nyoka Mweupe, katuni hii ina mwenyewe, na mtu hana ruhusa ya kuigeuza apendavyo. Haki ya jina na ya malipo ni yake bila shaka. Lakini katika simulizi za kale, mtawala Yu Mkuu alimwona mbweha mweupe wa mikia tisa huko Tushan kisha akaoa binti wa huko. Hongniang ni wa jukwaa. Na mbweha wanaopenda binadamu walikwisha jaa katika hadithi za Pu Songling zilizochapishwa mwaka 1766. Tuo aliokota kwa watu na kujenga kwa ufundi wake. Ni sawa watu nao wajenge juu ya kazi yake.

Kwa hiyo uaminifu kwa katuni si kipimo kinachotosha. Tamthilia ya 2024 inasimulia habari za wapenzi wawili, mbweha Honghong na Dongfang Yuechu, zilizotangulia zile za Susu na Bai Yuechu ambazo katuni inaanza nazo. Swali la haki si kama mpangilio umehama, bali kama anayemwona Honghong kwa mara ya kwanza anaelewa kwa nini kifo hakitoshi kuyamaliza mapenzi yake. Watazamaji waliouliza hivyo wamefanya kazi ya uhakiki. Waliotukana waigizaji hawakufanya.

Hata Tanzania ubishi wa namna hiyo si mgeni: mwaka 2011 televisheni ya taifa, TBC, ilionyesha Doudou na Mama Wakwe Zake kwa sauti za Kiswahili, na Watanzania wakajadili wakwe wa Beijing kama wa kwao. Wanaopenda tamthilia za mbweha na nyoka wasiogope kufanya vivyo hivyo. Bishaneni juu ya mwisho wake, semeni mngempa nani haki, na mkiweza, andikeni.